Pesa Zilizokosa Kufungwa

Sokoni walimwita Mama Punguza, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini aliuza mitumba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akikubali bei ya kwanza. Muuza marobota akitaja yake, Mama Punguza alicheka, akauliza kama ndani wamefungia dhahabu, kisha akataja yake, ndogo ya kutia aibu. Wakavutana, wakarushiana maneno, akajifanya anaondoka, akaitwa arudi, wakakutana katikati. Hata dawa ya magoti aliiombea punguzo kwa mfamasia.

Magoti ndiyo yaliyomtoa sokoni. Daktari alimwambia kusimama kutwa basi tena, naye akauza kibanda na nguo zilizobaki, akajumlisha na akiba yake. Hizo ndizo zilizokuwa pesa za uzeeni. Nyingine hakuwa nazo wala hakuzitazamia. Akakata shauri anunue hati fungani za serikali za miaka kumi na tano: unaikopesha serikali, kila miezi sita inakulipa riba, na muda ukiisha inakurudishia mtaji wako. Alipiga hesabu akaona riba ile ingetosha kodi ya nyumba na chakula, asimsumbue mtu.

Hiyo ndiyo sababu aliyomweleza afisa wa benki. Ya pili hakumwambia mtu, nayo ilikuwa kaka yake.

Kaka Mkubwa, kama alivyomwita siku zote, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Aliacha shule ili yeye asome. Na Mama Punguza huyu, ambaye sokoni wanaume walimpisha njia, mbele ya kaka yake alikuwa hana kauli. Kaka alitaka mtaji wa kufuga kuku, akampa. Kuku wakafa wote. Akataka wa mashine ya kusaga, akampa. Mashine ikasaga wiki chache, ikanyamaza hadi leo. Sasa alikuwa na nyumba ya vyumba vya kupangisha, kuta zimesimama, juu mbingu tupu. Na juzi alipiga simu: "Mdogo wangu, Jumamosi nakuja. Tuna mazungumzo."

Mazungumzo gani, kama si mabati?

Mnada wa hati ulikuwa Jumatano. Jumamosi ingekuta pesa zimeshafungwa, naye angesema bila kudanganya: "Zimefungwa, kaka, nifanyeje?" Alijijua. Neno "hapana" lilimshinda mbele ya yule mtu, kwa hiyo alitaka serikali imsemee.

Jumanne akaenda benki. Afisa, binti wa miwani na sauti ya taratibu, alimweleza kwamba kuna njia mbili. "Mama, ukikubali bei ya wastani itakayotoka mnadani, una uhakika wa kupata. Au utaje bei yako mwenyewe, lakini ikiwa ya chini, unakosa."

"Ninunue kitu bila kujua bei? Mwanangu, unanionaje?"

"Wengi wanafanya hivyo, mama."

"Basi wengi wanapigwa. Mara ya mwisho waliuza ngapi?"

"Kama tisini na sita kwa kila mia utakayorudishiwa."

Mama Punguza akaangua kicheko chake cha sokoni, watu wa foleni wakageuka. "Andika themanini na tano."

"Mama, hiyo ni ndogo mno. Huko hawa—"

"Najua ni ndogo. Wewe andika. Na wao watataja yao."

Binti akautazama umati uliokuwa nyuma, akaona hana nafasi ya kubishana. Akaandika.

Jumatano Mama Punguza alikaa na simu mapajani. Alishajipanga: wakisema tisini na nne, atapanda hadi themanini na nane, alalamike kidogo habari ya magoti, waachane kwenye tisini. Simu haikulia. Akaona hiyo nayo ni mbinu, wanamchosha. Alhamisi asubuhi ndipo ilipolia.

"Pole mama," alisema afisa, "zabuni yako haikupita."

"Haya. Wao wanasemaje?"

"Hawasemi kitu, mama. Mnada umefungwa."

"Hawajataja yao?"

"Hawataji. Unataja mara moja tu, basi. Mnada mwingine ni wiki mbili zijazo."

Tumcheke kidogo, anastahili. Lakini yeye hakucheka. Alikaa kitandani akijilaani kwa sauti, peke yake chumbani, maana wiki mbili zilikuwa mbali na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Pesa zake zote zilikuwa benki, ziko huru, zinasubiri mtu wa kuzitaka.

Jumamosi Kaka Mkubwa alifika amevaa koti lake la heshima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Magoti?"

"Yapo tu."

Hakuzunguka. "Nimebakiza paa. Nikiezeka, wapangaji wanaingia, nakurudishia zote." Hata kuku walikuja na ahadi hiyohiyo. "Ila nasikia pesa zako unazifunga serikalini. Umeshazifunga?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja, "ndiyo", na mzee angeguna, angekunywa maji, angerudi kwake bila kinyongo. Akamtazama usoni yule aliyekuwa akimfunga kamba za viatu asubuhi za shule. Kumdanganya hakuweza. Kumpa ilikuwa kujizika mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Bado, kaka. Zipo."

Uso wa mzee ukachanua, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Lakini sikupi."

"Umesemaje?"

"Sikupi. Hizi zikienda, sina kitu. Sokoni siwezi kurudi."

"Mimi niliyekulea?"

"Wewe uliyenilea."

"Niliyeacha shule kwa ajili yako?"

"Najua, kaka. Hakuna siku niliyosahau." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Kaka Mkubwa akasimama. Mama Punguza akajua sasa ni matusi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Wewe serikali itakulipa. Mimi nitalipwa na nani? Unadhani ile nyumba ni fahari? Kuku walikuwa fahari? Nimezeeka, sina penzheni, sina kitu. Naogopa, mdogo wangu."

Maisha yake yote hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa kaka yake. Miaka yote alimwona mtu wa tamaa na mipango ya kukurupuka, kumbe alikuwa akikimbia kilekile kilichomkimbiza yeye benki. Aliona aibu. Hata hivyo hakubadili neno.

"Utakula kwangu," alisema. "Riba ikitoka, tunakula wote. Mtaji hauguswi, si na wewe, si na mimi."

"Yaani mimi niwekewe sahani na mdogo wangu."

Akavuta koti lake, akaelekea mlangoni. Mama Punguza akajaribu kuinuka, magoti yakamrudisha chini.

"Kaka!"

Mzee akasimama, amempa mgongo.

"Mnada wa kwanza nimeuharibu mwenyewe kwa ujuaji wangu. Nikienda peke yangu nitaharibu na huu wa pili. Nipeleke benki Jumanne ya kabla ya mnada, ukae na mimi pale mezani kwa afisa."

Mkono wa mzee ulikuwa kwenye kitasa, haukukifungua wala haukukiachia.

"Saa ngapi?" akauliza, bila kugeuka.