Suruali ya Mvua ya Baba

Baba yangu alikuwa na nguo moja tu aliyoiheshimu, na haikuwa ya kanisani. Ilikuwa suruali ya mvua, ya kitambaa kizito kilichonyweshwa mafuta, rangi ya asali iliyokaa sana chupani. Alipewa na mzungu wa vipimo mwaka walipoanza kupanda pamoja milima ya Kundelungu. Ilinuka. Tuseme ukweli, ilinuka vibaya: mafuta, nta na jasho, vyote kwa pamoja. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kikasai mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akisema kwamba sisi tunafuga mnyama ndani na hatutaki kuwaonyesha watu.

Tuliishi Elisabethville, katika kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizopangwa mistari. Wakati wa kiangazi baba alifanya kazi ghalani mjini. Mvua zikianza, lori lilimchukua pamoja na mzungu wake hadi Lukafu, kisha wakapanda kwa miguu kwenda kupima mito ya juu, maana nguvu ya mto huonekana ukiwa umejaa. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba Katanga kuna mahali pa baridi namna ile. Kule juu hakuna mti wa kujikinga, upepo unaipiga mvua ubavuni, na anayeshika fimbo ya vipimo husimama ndani ya maji kutwa nzima. Wenzake walirudi wakikohoa. Baba alipanda miaka kumi na mmoja bila kukohoa hata mara moja.

Suruali za wenzake zilitoka katika sanduku moja na yake, lakini zilikufa mapema. Moja ilikunjwa ikapasukia mikunjoni. Nyingine ilianikwa juu ya moto ikakakamaa kama ngozi ya mbuzi. Ya baba ilidumu kwa sababu aliitunza. Kila mwaka kabla ya mvua aliitundika nyuma ya nyumba, kivulini, akaipangusa kwa maji baridi matupu. Kisha alichanganya mafuta ya maseremala na nta aliyoletewa na ndugu zake wa Lukafu, akaipaka kwa kitambaa, mshono kwa mshono, akaiacha wiki tatu ikauke yenyewe. Tulimcheka. Mama alisema kwamba yeye mwenyewe hajapakwa mafuta hivyo tangu siku ya harusi.

"Kitunze kikutunze," baba alijibu, akaendelea na goti la kushoto.

Kosa lilizaliwa hapo, na baba naye alikuwa na sehemu yake. Alikuwa mtoto wa wawindaji. Kwao, mwanamke haigusi bunduki ya mwindaji siku za kuelekea porini. Ni mwiko, na mwiko haujadiliwi. Kwa hiyo alipotaka mikono yetu ikae mbali na suruali, hakutueleza habari za sabuni inayokula mafuta wala pasi inayoyeyusha nta. Alichukua njia fupi.

"Hii pantalo iko na mwiko," alisema. "Mwanamuke asiiguse. Sabuni hapana, moto hapana."

Mama, aliyelelewa katika miiko hiyo hiyo, aliitikia kwa kichwa, yakaisha.

Lakini mimi nilikuwa nasoma kwa masista. Asubuhi tulifundishwa katekisimu, mchana kazi za nyumbani: kuchemsha nguo, kuzipiga sabuni, kuzianika, kuzinyoosha kwa pasi mpaka mkunjo usimame. Tulifundishwa pia kwamba miiko ni giza, na kwamba binti Mkristo ana wajibu wa kuwatoa wazazi wake gizani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kila kitu. Nilipomwona baba, mtu anayepokea komunyo kila Jumapili, akiizungukia suruali yake kama mpagani na hirizi, niliona aibu. Nilimpenda sana, ndiyo maana niliona aibu.

Mwaka ule mvua zilianza mapema na safari ikawahishwa. Siku moja kabla ya lori kuja, baba akiwa kazini na mama sokoni, niliitungua suruali. Niliitumbukiza katika pipa la maji juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikakata humo kipande kizima cha sabuni na kuongeza magadi. Maji yakawa ya manjano, kisha ya kahawia. Nilifurahi, nikidhani ni uchafu wa miaka kumi na mmoja unatoka. Nilimwaga, nikachemsha tena, nikamwaga. Jua lilikuwa kali siku hiyo, la kuunguza kabla ya mvua, nalo likaikausha upesi. Nikajaza pasi makaa na kuipiga mbele na nyuma. Ikatoka nyeupe-nyeupe, nyororo, nyepesi, na mkunjo wa kukata mkate.

Mama alirudi, akaiona, akaweka kapu chini. Jirani naye aliingia bila hodi, akashika kiuno.

"Yoo! Leo munyama wenu alishabatizwa!" Akawaita wengine waje kuona.

Kwa hiyo baba alikuta ua umejaa wanawake wananisifu. Aliichukua suruali, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Kisha alichovya kidole katika ndoo, akadondosha tone moja juu ya goti la suruali. Mwaka wowote mwingine tone lile lingesimama duara na kuteleza. Safari hii lilizama. Nililiona likizama, na sikuelewa ninachokiona.

"Baba," nikasema, nikiwa nimevimba kichwa, "nimegusa mwiko. Mbona hakuna kilichotokea?"

Alinitazama. Nimeurudia uso ule mara nyingi kuliko uso wa mtu yeyote niliyepata kumjua. Aliwageukia wanawake.

"Munaona? Mutoto wangu iko na mikono ya muzuri. Hata bazungu habana na pantalo ya kunyooka hivi."

Wakapiga vigelegele. Mafuta yanahitaji wiki tatu kukauka, na lori lilikuwa linakuja alfajiri. Aliondoka amevaa suruali ile, mkunjo umesimama, akapunga mkono mpaka kona.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema. Lakini lililovunjika halikuwa guu langu.

Alirudishwa kabla ya mwezi kwisha, amelazwa kati ya masanduku ya vipimo, amefunikwa turubai. Ilikuwa kichomi, pande zote mbili. Hospitalini alilala siku tisa. Nilimpelekea uji kila mchana, na siku ya sita, aliponyanyuka kidogo kwenye mto na kuvuta pumzi kama mtu anayevuta maji kisima kirefu, nilimwuliza.

"Baba, ni juu ya pantalo?"

"Hapana, mama," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utoto, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Ni mulima. Mulima iko na baridi yake. Kunywa na weye kidogo hii buji, miye nilishiba."

Nikanywa uji wake. Hilo nalo nilifanya. Alikufa siku tatu baadaye.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Ni watu wa kabila ambalo tuna utani nalo tangu mababu. Wao ndio wanaomzika maiti wetu, na wao ndio wenye ruhusa ya kumcheka, ili huzuni isituue na sisi. Mmoja wao alikuwa mpanda mlima mwenzake baba, mtu mfupi mwenye sauti ya kengele. Siku ya mwisho ya matanga alitoka ndani amevaa suruali ile. Ilikuwa haijakatika hata uzi. Alitembea uani miguu imenyooka, kama anayeogopa kuvunja mkunjo, akijipangusa vumbi kwa vidole viwili, kama baba alivyokuwa akitembea kwenda kanisani. Watu walianza kucheka huku machozi yakiwatoka.

"Mutani wangu!" alipaza sauti. "Miaka kumi na mumoja unakatalia bibi na batoto basiiguse! Kisha weye mwenyewe unaitia mu sabuni! Muzungu alikuuliza kule juu, bantu yote tukisikia: nani aliharibu hii pantalo? Ukasema: ni miye, nilitaka kuonekana muzuri. Ee, muzuri wa kufa!"

Ua mzima ulicheka. Baba yangu, aliyesifiwa kambi nzima kwa kutunza vitu, alichekwa kama mjinga aliyejiua kwa urembo. Alikuwa amelinunua kosa langu kwa jina lake, na sasa walikuwa wanalimaliza jina hilo mbele yangu. Miguu yangu ilianza kunyanyuka mkekani. Nilikuwa na la kusema na mdomo wa kulisemea.

Mkono wa mama ulitua juu ya goti langu, ukanirudisha chini. Hakunitazama. Alikuwa anacheka na wengine, uso umelowa.

"Ikala," alisema polepole. "Baba yako alishasema."

Nikakaa. Walioniona nikilia walidhani nalia kama mtoto yeyote aliyefiwa. Mama hakuligusa tena jambo hilo mpaka alipokufa naye, na mtani alikwisha kufa, na jirani pia. Hakuna aliyebaki wa kunizuia goti. Si baba aliyeifua suruali ile. Ni mimi.