Siku Koko Alipochemsha Maziwa

Nilipokuwa mtoto kule Bihambwe, katika milima ya Masisi, nilikuwa mtukutu wa kutosha kuiba viazi vya jirani mchana kweupe, lakini kuweka maziwa motoni sikuthubutu. Maziwa yalinywewa mabichi au yakiwa yameganda. Ungeyachemsha, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zingepasuka na kiwele kukauka. Ndivyo alivyotufundisha koko, mama mzaa baba, na hatukuuliza mara mbili.

Koko alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, Gaju. Kwa sababu ya Gaju alikuwa mtu mbele ya watu. Wageni walipata maziwa, wanawake wa jirani walimwomba siagi ya kupaka watoto, hata baba alishusha sauti akiongea naye.

Kisha mama akaugua, maziwa yake yakakatika, na Bahati, mdogo wangu mchanga, akawa ananyweshwa ya Gaju. Akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Muuguzi wa misioni akasema maziwa yachemshwe, la sivyo mtoto hatapona. Mama, aliyesomeshwa na masista, alirudi akaenda moja kwa moja kuchukua chungu.

“Mama, mutoto iko anakufa,” mama alimwambia koko, mkwe wake. “Uniache nichemushe.”

“Na Gaju akikauka?”

“Ile iko maneno ya zamani tu.”

Koko alitupa kisogo, nami nikamkasirikia. Alitoka hadi zizini, akamshika Gaju shingo. Nilimsikia wazi: “Gaju, unisamehe. Mutoto yetu iko anakufa.” Aliporudi akampokonya mama chungu.

“Toka hapo. Ng'ombe iko yangu. Moto, mimi mwenyewe njo nitawasha.”

Bahati alipona. Leo ni mzee mwenye kitambi na kelele nyingi. Lakini kiangazi kile kile chuchu za Gaju zilipasuka, maziwa yakakauka. Mama alisema ni majani mabaya. Koko hakubishana naye. Wageni aliwapa uji wa mtama, shingo wima, bila kuomba radhi.

Sasa nachemsha maziwa kila asubuhi, na sioni ng'ombe akiumia. Nyumbani husema siku ile koko aliacha kuuamini mwiko wake. Nawakatalia. Mama hakuuamini, kwa hiyo kwake ule ulikuwa moto wa kupikia tu. Koko aliuamini mpaka mfupani, na bado ndiye aliyepiga magoti akapuliza makaa.