Bawabu Namba Tatu

Muharami alimwona Kalinga kwa mara ya kwanza siku ile suruali yake safi ilipojaa majivu.

Ilikuwa Jumatatu ya Julai, mwaka 1956, asubuhi ya baridi ya Mbeya, majani yote meupe kwa umande ulioganda. Muharami alikuwa ametoka Iringa kuja kuanza kazi ya kuchomelea vyuma katika gereji ya Mzee Muhidini. Aliwakuta mafundi wameweka jiko la mkaa nyuma ya kibanda cha uani, wanaota moto. Kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, alitoa salamu akachuchumaa nao. Hata vidole havijapata uhai, akatokea mtu mrefu, mwembamba, koti la jeshi limemfika magotini, ndoo mkononi. Hakubisha hodi, hakuomba samahani. Alimwaga maji yote kwenye jiko.

Wenzake walikwisha kuruka pembeni; ilionekana wamezoea. Aliyebaki pale chini, kope na suruali vimekuwa vya kijivu, ni mgeni peke yake.

"Nani kaleta moto karibu na nyumba ya gesi?" yule mtu aliuliza.

Mafundi walimgeukia mgeni.

"Wewe Mswahili, ndiye fundi mpya?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho ota jua."

Huyo ndiye Kalinga, Mhehe wa Kilolo, aliyekuwa Keya, askari wa Mwingereza, wakati wa vita akafika mpaka Burma, akarudi na lile koti na ujuzi wa mabomba ya gesi.

Muharami alijifuta majivu. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, darasa la nne ndilo lililokuwa la mwisho kwake, na hakuwa na ubavu wa kugombana siku ya kwanza. Kule Iringa alikuwa akikaa uani kwa shemeji yake, kaka wa mkewe Waridi, na kila ugali ulipopakuliwa shemeji huyo alikohoa. Mzee Muhidini alikuwa amempa miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, atapata kazi na chumba, amlete Waridi. Akishindwa, atarudi kwenye kile kikohozi.

Gereji ile ilitengeneza gesi yake yenyewe. Mawe ya kabaidi yalitiwa kwenye tangi la maji ndani ya kibanda, gesi ikatoka, ikapita kwenye bomba refu la chuma ukutani mpaka sehemu tatu za kuchomelea. Kabla gesi haijamfikia fundi, ilipita kwanza ndani ya kopo nene la chuma lililosimama ukutani, lenye maji chini na chujio la waya wa chuma juu. Gesi iliingia chini ikapanda ikitoa mapovu. Moto ukikosea njia, ukarudi nyuma kutoka mkononi mwa fundi kuelekea kwenye tangi, ulikutana na lile chujio na yale maji, ukafa. Bila kopo lile, moto ungefika kibandani, na hapo pasingebaki gereji wala wa kusimulia. Mafundi waliliita bawabu, kwa sababu liliruhusu mtu kutoka lakini si kurudi.

Kazi ya Kalinga ilikuwa kuwaangalia hao mabawabu watatu. Kila asubuhi alifungua koki ndogo ubavuni mwa kila kopo akasubiri. Tone likitoka, maji yanatosha. Lisipotoka, anaongeza. Kisha alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, akainama na kutazama kama linavimba. Miezi ya baridi maji yaliganda, naye aliyayeyusha kwa gunia lililochovywa maji ya moto. Moto wenyewe hakuruhusu hata utajwe. Mafundi walisimama nusu saa, wakati mwingine saa nzima, wakipuliza viganja.

"Mzee Kalinga anayaamkia mabomba kuliko alivyowaamkia wakwe zake," alisema Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyechomelea namba mbili.

"Wakwe zangu hawalipuki," Kalinga alijibu bila kugeuka.

Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu nimesema." Ukimuuliza tena, alifunga gesi ya gereji nzima akaanza ukaguzi upya. Muharami, aliyepangiwa namba tatu, alijifunza kutouliza.

Mwezi Agosti Kalinga alitoa chujio la namba tatu, akaliinua juani, akapitisha kidole. Lilikuwa limeliwa na kutu. Alifunga bomba lile, akatia kufuli.

"Mpaka lije jingine kutoka Dar es Salaam."

"Litakuja lini, mzee?"

"Likija."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Muharami aliazima nafasi ya Asukile wakati wa chakula, akachomelea huku wenzake wanakula viazi na kumtania kwamba amefunga Ramadhani nje ya msimu wake. Kila asubuhi alimwona Kalinga akipita namba tatu, akigusa kufuli, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na ng'ombe zake. Muharami alitamani kulia.

Katikati ya Septemba Mzee Muhidini alimwita. "Mwanangu, miezi mitatu inakwisha. Kuna fremu ya lori la pareto. Nikiiona imekamilika Jumamosi ijayo, kazi ni yako. Nisipoiona, sitaweza kukudanganya."

"Namba tatu imefungwa, mzee."

"Hayo ni yenu na Kalinga. Mimi nataka lori."

Siku hiyo hiyo zikaja habari kwamba dada yake Kalinga amefariki Kilolo. Kabla ya kuondoka kwenda mazikoni, Kalinga alimwita Muharami kando akamtia ufunguo mkononi.

"Chujio likija, lifunge. Jaza maji mpaka tone litoke, ndipo ufungue gesi. Nakupa wewe kwa sababu huna mdomo. Huyo Asukile angeshafungua kwa maneno."

Alhamisi chujio halikuja. Ijumaa halikuja. Jumatatu Muharami alikaa mbele ya fremu ya lori kama mtu aliyefiwa yeye. Asukile akamhurumia.

"Ndugu yangu, tunasubiri nini? Mjomba wangu anasuka bangili za waya na ile mikanda ya shaba ambayo mama zetu wanavaa kiunoni. Mimi mwenyewe nilijifunza kusuka kwake. Nipe waya mwembamba, nitakusukia chujio hata maji yatapita kwa kubembeleza."

Waya ulikuwepo. Dinamo mbovu ilikuwa imetupwa kwenye vyuma chakavu, tumboni imejaa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Asukile alisuka siku nzima, mikunjo midogo, sawasawa, kazi ya kuvishwa bibi harusi. Kesho yake Muharami alilifunga lile chujio, akajaza maji mpaka tone likatoka, akapaka sabuni kila ungio, akatazama mara mbili. Hakuacha hata hatua moja. Gesi ikaja safi. Jumamosi fremu ilikuwa tayari, na Mzee Muhidini aliizunguka akisema, "Naam. Naam." Muharami alimwandikia Waridi barua usiku ule.

Kalinga alirudi baada ya siku kumi na moja. Alipita namba moja, akapita namba mbili, akafika namba tatu, akakuta kufuli limetoka.

"Chujio limekuja?"

"Halikuja, mzee. Tumesuka." Muharami alijaribu kutabasamu. "Zuri kuliko la Dar es Salaam."

"La nini?"

"La shaba."

Kalinga hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Muharami. Mzee alienda akafunga gesi yote, akawatoa watu wote uani hadi mpishi wa chai, akarudi peke yake na ndoo ya maji na kijiti. Walimwona kwa mbali akifungua kopo polepole, kama mtu anayemvua mtoto shati penye jeraha. Lile chujio lililong'aa lilitoka limepata rangi ya damu kavu. Alilizamisha kwenye ndoo, akaibeba ndoo kwa mikono miwili hadi mtoni, akakaa huko sana. Aliporudi, magoti yake yalikuwa na matope.

"Gesi hii ikikaa na shaba inazaa unga," alisema. "Unga ukikauka, hausubiri kiberiti. Unaugusa tu. Burma nilimwona aliyeugusa. Tulimzika na ndoo yake."

"Hukutuambia!" Watu waligeuka; hawakuwa wamewahi kuisikia sauti ya Muharami ikipanda. "Kila siku unatufokea, unatufungia, unatumwagia maji! Siku moja tu ungesema shaba ni sumu! Siku moja! Mimi nilifanya yote uliyosema, yote, mzee, hata sabuni!"

Kalinga alichukua daftari la ukaguzi akaandika, akitamka kila neno kwa sauti: "Namba tatu. Chujio la shaba. Aliyeweka, Muharami. Aliyejua hatari asiseme, Kalinga."

"Mzee, usiandike. Mke wangu yuko njiani."

"Nimekwisha andika."

Mzee Muhidini alisoma daftari mara mbili, akavua miwani.

"Mmoja wenu lazima aondoke."

"Mimi naondoka," alisema Kalinga. "Hata msingenifukuza, ningeaga. Dada ameacha watoto wanne na shamba. Nilirudi kuchukua vitu vyangu."

"Na nani ataangalia mabomba yangu?"

Kalinga alimwonyesha Muharami kwa kidevu.

"Huyu? Huyu aliyeweka shaba?"

"Huyu hatarudia. Wengine hawajakosea bado."

Basi Muharami akapata kazi na chumba, lakini tochi ya kuchomelea akapewa mtu mwingine, na yeye akapewa ndoo. Alijiona kama mtu aliyeposa binti akapewa mama mkwe. Kwa wiki tatu Kalinga alimfundisha, na sasa hakukuwa na njia ya kumnyamazisha. Alieleza kwa nini chuma na si shaba, kwa nini gunia na si mwali, kwa nini tone na si kijito, akaeleza wakila, akaeleza Muharami akiwa chooni, akisimama nje ya mlango. Waridi alipowasili na mkeka wake kichwani, Kalinga alimpokea kwa kumweleza habari za sabuni, na yule mama akamuuliza mumewe kwa kunong'ona kama mzee ni mzima.

Siku ya safari, Muharami aliamka mapema akaenda kituo cha basi la Iringa. Njiani alikuwa amepanga maneno: kwamba alimchukia kwa miezi miwili, kwamba hamchukii tena, na kwamba anashukuru. Kalinga alikuwa ameshakaa dirishani, koti lake limefungwa vifungo vyote. Dereva aliwasha injini.

"Mzee Kalinga," Muharami alianza, "mimi nilikuwa nataka kusema…"

"Namba mbili jana ilichelewa kutoa tone. Umeitazama leo?"

"Bado, mzee. Nilisema nikusindikize kwanza, halafu…"

Basi lilianza kutembea. Kalinga alitoa kichwa chote nje ya dirisha, mishipa ya shingo imemsimama.

"Unanisindikiza mimi, nina magurudumu! Asukile anawasha saa mbili! Kimbia, Mswahili, kimbia!"