Mamba Mwenye Vishikio Sita

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi mmoja tu ambaye mteja wake hakuwahi kurudi kulalamika. Alitengeneza majeneza. Tulimwita Sanduku, wala hakukasirika. Mimi nimemuuzia mbao miaka mingi, na muda wote huo nilimwona na shida moja tu: mjukuu wake.

Mjukuu huyo, mtoto wa binti yake, alikuwa wa miaka sita, mdomo kama cherehani. Kila Jumapili aliletwa kumwamkia babu, na kila Jumapili aligoma kwenye kizingiti cha karakana, akatupa shikamoo kwa mbali kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Ndani haingii. Sanduku alijaribu pipi, akajaribu mwanasesere, mwisho akayafunika majeneza kwa mashuka ya maua. Hapo ndipo mtoto alipotimua mbio kabisa.

Basi kamati ya msitu wa mtaa ikaamua kutengeneza njia ya sanamu za wanyama, ili watu wapate pa kutembea na watoto wao. Wachongaji walitaja bei mpaka mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akavua miwani. Nikamwambia, "Mama, fundi ninaye." Nilikuwa na mbao pia, nyembamba, zilizokaa stoo bila mnunuzi, lakini hilo halikumhusu.

Nikampeleka mwenyekiti karakanani, na Sanduku alikubali bila kuuliza malipo. Hilo liliniudhi; asiyeuliza bei humharibia hata dalali wake. Aliuliza tu, "Watoto watazigusa?"

"Ndiyo kazi yake," nikamjibu.

"Hata wa kwangu?"

"Wa kwako hana mikono?"

Akachomoa futi, akamgeukia mwenyekiti kwa ile sauti yake ya upole ya kazini. "Marehemu ana urefu gani?"

"Marehemu yupi?"

"Simba."

"Simba hajafa, Fundi!"

"Pole sana, mama. Ni mnene?"

Mazoea yana taabu. Tulipokwenda kukagua, tulikuta simba, sungura, kiboko na mamba, wote wa mbao za kuunga, watupu ndani, wamepigwa vanishi hadi unajiona uso. Kiboko alikuwa ameachama, na mdomo wake umetandikwa kitambaa cheupe cha marinda, na mto mdogo wa kulaza kichwa. Na kila mnyama alikuwa na vishikio vya shaba ubavuni. Mamba, kwa urefu wake, alipewa sita.

Mwenyekiti akashika kiuno. "Fundi, umeona wapi simba mwenye vishikio?"

"Sasa mtambebaje?"

"Nani kakwambia anabebwa?"

Sanduku akamtazama kwa huruma. "Mama, wote husema hivyo."

"Ving'oe, au wanyama wako nawafanya kuni!"

Alijaribu. Aling'oa kimoja cha sungura, akakaa anamtazama, akakirudisha. "Hajaisha," aliniambia. "Mtu hatoki hapa hajaisha." Nikaona mbao zangu zinakwenda jikoni kwa mwenyekiti. Nikamkimbilia: "Mama, vile ni vya watoto kupandia. Usalama kwanza." Neno usalama halijawahi kukosa mnunuzi kwenye kamati. Akatia saini.

Siku ya ufunguzi watoto walipanda kweli, kama robo saa hivi. Kisha mmoja akagundua kishikio ni cha nini. Kesho yake kibao kilisomeka SIMBA HUYU HAPA, na hapo palikuwa na jani kavu. Simba alikuwa kwenye kituo cha basi, anawakodolea macho abiria. Sungura alikutwa mlangoni kwa kinyozi. Kiboko alihamishiwa kivulini, na mlinzi wa msitu amelala mdomoni mwake, kichwa juu ya mto. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa walijitembeza, na bado msitu ulijaa watu, kila familia inamtafuta simba. Mwenyekiti alikuwa akikimbia na vibao kwapani, anavichomeka kila walipo wanyama.

Jumapili nilikuwa karakanani kwa Sanduku tuliposikia vishindo. Watoto sita, mamba katikati, hatua moja. Mbele kabisa, mkono kwenye kishikio, mjukuu.

"Shikamoo babu! Mamba kavunjika jino!"

"Marahaba. Mleteni."

Akafika kizingitini, akasita. Lakini mamba ni mrefu, walio nyuma wanasukuma, na aliyeshika mbele hana pa kusimama ila ndani.

"Tembea bwana, anatuelemea!" mmoja akafoka.

Akaingia.

Sanduku alipiga goti, akaanza kugongomea jino, na nyundo ile isiyokosea ikakosa msumari mara mbili. Mtoto alizunguka karakana nzima, akalifunua shuka la maua, akagusa jeneza jipya, akakuta kishikio.

"Babu, na huyu mnyama gani?"

Sanduku akanitazama. Mimi ni muuzaji; jibu ninalo siku zote.

"Huyo bado hajawekwa kichwa," nikasema.

Mtoto akamgeukia babu yake, mikono kiunoni. "Basi fanya haraka. Wenzake wako nje."