Mpagazi wa Sita

Watakaosema nilikuwa nimechoka, nawakubalia. Nilichoka kweli, mpaka kwenye mifupa. Lakini uchovu wangu mimi ungewezaje kuonwa na watu wanane? Maana siku ile sote tulimwona. Kwa hiyo nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe kama naongopa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mkazi wa Iringa mjini, na kazi yangu ilikuwa kuongoza wageni. Hiyo ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mgiriki mmoja alikuwa na lori, akiwachukua Wazungu waliotaka kuiona nchi: viboko wa Ruaha, misitu ya Mufindi, nyati na korongo wa Usangu, na mwisho maua ya Kitulo, kule juu kwenye baridi. Yeye alibaki mjini. Porini niliwapeleka mimi.

Safari hiyo wageni walikuwa wawili, bibi mmoja mzee wa Kiingereza na kaka yake. Bibi alikuwa mchoraji. Kila mmea, kila ndege, alisimama na kunyoosha kidole: "Na ile, jina yake nini?" Siku ya kwanza nilimjibu kwa furaha. Siku ya kumi na mbili nilikuwa namtajia jina lolote lililonijia mdomoni, Mungu anisamehe. Sauti ilikuwa imekauka, viatu vimeoza kwa mvua, na kifundo cha mguu kimevimba tangu Nyololo, tulipokesha tukisukuma lori kwenye matope.

Pale Chimala tukamwacha dereva azunguke na lori mpaka Mbeya, sisi tukapanda mlima kwa miguu. Tulikuwa na wapagazi watano na nyapara wao, Mzee Mgaya, Mbena mmoja mpole aliyezijua njia zote za huko. Kupanda kulituchukua siku nzima. Kesho yake tukatokea uwandani.

Kitulo wakati wa mvua hakuna mti, ni maua tu mpaka macho yanapoishia, ya manjano, meupe na zambarau, na swala aina ya tohe wamesimama katikati wakikutazama. Yule bibi alitokwa na machozi. Mimi, niamini, nilikuwa natafuta jiwe la kukalia.

Kwenye saa nane mchana ukungu ukashuka ghafla. Kwenye ukungu kiongozi ana kazi moja tu, asipoteze mtu. Nikasimama kwenye kijito, nikawapitisha wapagazi mmoja mmoja nikihesabu mizigo. Hema. Vitanda. Vyombo vya jikoni. Chakula. Sanduku la bibi.

Na mzigo wa sita.

Aliyeubeba alikuwa mzee mwembamba, amejifunga blanketi la kijivu, miguu mitupu. Mzigo wenyewe ulishonewa ndani ya turubai kuukuu na kufungwa kwa kamba za magome. Alinipita bila kugeuza shingo.

Nikamkimbilia Mzee Mgaya. "Mzee, umeongeza mtu?"

Akashangaa. "Mimi? Si wewe uliyekuja naye kutoka Iringa? Vijana wanasema yuko nasi tangu jana asubuhi."

Nikamwuliza bibi. Naye alikuwa amemwona, akadhani ni wetu.

Sasa wewe niambie, mtu mwenye akili angefanya nini? Angesimamisha safari. Mimi nilijiambia: mabega mengine mawili, heri tupu. Nikaacha. Uchovu humfanya mtu aache mambo ambayo hayafai kuachwa.

Mbele kidogo tukapumzika tunywe chai. Wapagazi wakatua mizigo, wakachuchumaa. Yule mzee peke yake akabaki wima, mzigo kichwani, ameelekea njiani. Nikamwonea huruma. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tua basi, upumzike."

"Sijaambiwa nitue."

"Nani akuambie?"

"Bwana mkubwa. Amepita na askari. Alisema twende tu, atatuambia mbele." Kisha akauliza taratibu, "Hujawaona? Wana bunduki na farasi mmoja mgonjwa."

Nikatazama chini, sijui kwa nini. Sisi tulikuwa tumeyakanyaga maua yale, nyuma yetu imebaki njia ya majani yaliyolala. Nyuma yake hakuna ua lililoinama. Hata alipokandamiza nyayo zake, maua yalisimama katikati ya vidole vyake kana kwamba hakuna mguu.

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni, nikakwama katikati, mimi niliyeijua tangu utotoni.

"Mwanangu," akasema, "safari hii mkubwa ni wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nitue. Shingo imekufa."

Nyuma yangu nikamsikia Mzee Mgaya: "Bwana! Usimguse!" Lakini wewe umelelewa wapi? Mtu mzima akikuomba umtue mzigo, mikono haisubiri ruhusa ya kichwa. Yangu ilikwisha nyanyuka. Nikaupokea.

Ulikuwa mzito, nakuapia, kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Magoti yakanipinda. Nikauweka chini, na mzee akainyoosha shingo yake polepole, ikialika kama kuni mbichi motoni, akatoa pumzi ndefu. Pumzi ile sijaisikia tena kwa mtu yeyote, hata kwa aliyekuwa akikata roho. Akakaa. Akajilaza ubavu katikati ya maua, akavuta blanketi mpaka sikioni kama mtoto. Ukungu ukapita juu yake, na ulipoondoka palikuwa na maua tu.

Na mzigo? Nao haukuwapo. Lakini nilipotaka kusimama wima, sikuweza.

Mzee Mgaya alikuja akanishika mkono. "Ni wale wa vita ya Wajerumani," alisema. "Waliokamatwa kubeba mizigo ya askari. Walipitishwa hapa juu wakati wa baridi." Kisha akanitazama usoni. "Ulimwuliza jina?"

Sikumwuliza.

"Baba yangu mdogo alichukuliwa," akasema. "Hakurudi."

Nilishuka Mbeya nimeinama kama ajuza. Hospitali walinipima wakasema mifupa mizima. Kazi ya kuongoza wageni niliiacha hapo hapo, nikafungua kibanda cha kushona nguo, kazi ya kuinama. Zuhura, mke wangu, akinikanda shingo usiku husema pana moto mahali pamoja, juu kabisa utosini, pale mpagazi anapowekewa kata ya mzigo. Silali chali. Nasinzia nimekaa, nimeegemea ukuta, na kila alfajiri naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Nilikwenda kwa shehe anisomee dua. Akaniuliza, "Tumwombee nani?" Jina sikuwa nalo. Mzee Mgaya, ambaye ni Mlutheri, akamwendea mchungaji wake, akaulizwa vilevile. Basi maskini yule, kwa ajili yangu na kwa ajili ya baba yake mdogo, alizunguka vijiji vya Ubena na Ukinga akiuliza ni nani waliopotelewa na mtu mwembamba kwenye vita ile. Alirudi baada ya wiki tatu, akakaa kwenye kizingiti changu, akavua kofia.

"Kila nyumba," alisema. "Kila nyumba niliyopiga hodi ina wake."

Mzee Mgaya alikufa bila kujua kama mpagazi yule alikuwa baba yake mdogo. Na mimi sijui. Mzigo wa mpagazi hupelekwa mahali, ndugu yangu. Hauwi wa aliyeupokea njiani. Wangu ninao, miaka yote hii, na sina mlango wa kuupeleka.

Ukipita kule juu wakati wa ukungu, hesabu watu wako. Ukimkuta mmoja amezidi, usimkimbie, wala usimnyime akikuomba umtue, kwa maana amechoka kuliko wewe. Ila kabla hujanyoosha mikono, mwulize kwanza jina lake nani, na kwao ni wapi.