Mashati Mia Nne Yasiyo na Matundu

Bi Tundu hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa kwa matusi, akalivaa hadi likamkaa sawasawa. Siku hizi hata karani wa posta anamwita hivyo, tena kwa adabu, na ukimuuliza jina la kwenye cheti inabidi afikiri kidogo.

Wakati wa vita ile ya zamani alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akifanya kazi kwenye karakana ya sare za jeshi. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja walikaa meza ya mwisho: shati linawafikia limekamilika, wao wanatia vifungo na kutoboa matundu yake. Jumatatu moja orodha ya waliokufa vitani ilibandikwa getini, na ilikuwa ndefu kuliko geti. Meza ile haikuitisha mkutano. Vifungo walitia, matundu hawakutoboa. Mashati mia nne yakakunjwa, yakafungwa, yakapakiwa kwenye lori. Polisi walikuja siku ya nne.

Mtaa ukapasuka. Waliokubaliana naye walimpita kimya wakiangalia viatu vyao. Wasiokubaliana hawakuwa na aibu hiyo: walimtemea mate bombani, wakamfuata hadi mlangoni wakiimba, "Tundu! Tundu! Msaliti!" Hayo aliyamudu. Lililomshinda ni kwamba robo ya mashati yale iliangukia kikosi cha mdogo wake, askari wa miaka kumi na tisa, na huko mlimani alifunga shati kwa kamba msimu mzima wa baridi. Aliporudi alimwambia dada yake neno moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akanyamaza miaka sita. Wakikutana msibani walipeana mikono kama watu waliouziana mbuzi mgonjwa.

Walipatana, kama ndugu wanavyopatana, bila mmoja kukiri kosa.

Sasa kuna vita nyingine, na mambo ni yaleyale, ila siku hizi matusi yanakuja kwa simu. Kundi la ukoo limevunjika vipande vitatu. Zamani aliyekutukana ulimwona meno. Leo shemeji anakula chakula chako huku akikutukana kwa kidole gumba chini ya meza. Mdogo mtu, mzee mwenye magoti mabovu, anaiunga mkono vita hii kama alivyoiunga ile. Mjukuu wa Bi Tundu, binti wa chuo aliyelelewa naye tangu akiwa chekechea, alisimama mbele ya lango la kambi ya jeshi na bango la kupinga vita, na leo ni siku ya tano yuko mahabusu.

Ndipo afisa wa manispaa alipobisha hodi, suti imenyooka, bahasha mkononi. Wanawake wa meza ile watatunukiwa nishani, alisema. Waliobaki hai ni wawili, na mwenzake hajitambui, kwa hiyo Bi Tundu ndiye atakayehutubia. Hotuba ilikuwa tayari imechapwa: *Sisi tulipinga kwa heshima. Vijana wa leo wanawasaidia maadui.*

"Isome vizuri, Bibi," afisa alisema kwa upole, "na mjukuu wako atalala nyumbani."

"Soma, dada," mdogo wake alimsihi walipobaki wawili. "Maneno hayauni. Mtoe mtoto kwanza, ubishi baadaye."

Bi Tundu aliogopa, tusimpambe. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, akaikariri, akaenda ukumbini asubuhi yake ameazimia kuisoma. Akasimama mbele ya kipaza sauti. "Sisi tulipinga kwa heshima," akasoma, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Akawaangalia. Wenye umri wake aliwajua mmojammoja. Wawili watatu aliwakumbuka kwa mate yao.

"Uongo," akasema.

Makofi yakakatika.

"Heshima gani? Tuliharibu mali ya serikali, mashati mia nne. Mdogo wangu huyu hapa alipigwa na baridi kwa sababu yangu, na akinilaumu ana haki kuliko ninyi nyote. Mlituita wasaliti. Mkasubiri tuzeeke, tushindwe hata kutunga uzi kwenye sindano, ndiyo leo tumekuwa mashujaa! Wale watoto mliowafungia ni sisi. Kama wao wahaini, nishani yenu mpeni mwingine."

Afisa alikimbilia waya akazima kipaza sauti. Alijisumbua bure. Mwanamke aliyezoea kupiga soga juu ya kelele za vyerehani arobaini hahitaji umeme. Alimaliza yote aliyokuwa nayo, akashuka ngazi.

Nje mdogo wake, aliyetangulia kutoka, alimsubiri kwenye jua.

"Bado nasema ulikosea mwaka ule."

"Najua."

"Baridi ile, dada, huijui."

"Siijui."

Akavuta pumzi. "Haya, nipe mkono. Kituo cha polisi kina ngazi nyingi."

Kaunta ilikuwa imeshapigiwa simu. Koplo, kijana mwenye sura njema, hakuthubutu kumtazama machoni. "Bibi, ungesoma tu ile karatasi, saa hizi mngekuwa njiani kwenda nyumbani. Sasa hatujui atatoka lini."

Bi Tundu akamketisha mdogo wake kwenye benchi, naye akaketi kando yake, akaweka mkoba magotini.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilifungiwa humuhumu siku kumi na nane, na mama wa huyo mnayemshikilia alikuwa tumboni mwangu, anapiga mateke. Mwambie mkubwa wako hatuna haraka."