Mashine Nzito ya Nusra

Chumba cha juu kimenyamaza. Kila baada ya adhuhuri Bi Alawiya hukaa chini yake, hapa Siyu, akisuka ukili, na sikio lake bado linaungoja ule mvumo: feni mbili za kompyuta zikipuliza kama mtu anayehangaika na kuni mbichi. Miezi kadhaa aliulalamikia. Sasa haupo, na yeye hukosea kuhesabu miyaa ya kusukia.

Kelele ile ilianzia kwenye zawadi. Kaka yake, Bwana Gharib, alirudi kutoka Mombasa na laptopu nyembamba kama sinia ya kahawa, akampa mpwa wake Nusra aombee kazi ya ofisi. Aliinyanyua kwa vidole viwili mbele ya watu. "Ina viini kumi," alisema, "na haina uzito wa jogoo."

Nusra alimbusu mkono. Lakini Nusra alikuwa akicheza mbio za magari mtandaoni, akishindana na watu wa Nairobi na Dar, na kila alipofika dakika ya kumi sinia ile ilishika moto, magari yakaanza kwenda kwa kukwama-kwama.

"Kwani hivyo viini kumi havitoshi?" mama yake alimuuliza.

"Viini ndio wafanyakazi wa mashine, mama. Katika hawa kumi, wawili tu ndio wapagazi. Wanane ni wa kufagia na kuandika barua. Na hao wawili wakifanya kazi kweli, mwili mwembamba hauna pa kutolea joto, basi mashine inawapunguza mwendo."

"Mjomba wako ametapeliwa, basi."

"La. Kwa barua na safari ni nzuri mno, betri yake inashinda kutwa. Ila mimi hainifai."

Bila kumwambia mtu, akaibadilisha na Ndirangu, fundi wa hoteli moja ya Ras Kitau. Alichopata ni mashine kuukuu ya viini vinane, vyote vya kazi nzito, yenye kadi ya picha ya peke yake. Ilikaribia kilo tatu, na chaja yake ni tofali. Ikichomolewa umeme, haimalizi saa mbili.

Bwana Gharib aliposikia, alikuja akakaa barazani bila kuvua kofia.

"Zawadi yangu imekuwa mbuzi wa mnada? Tena unatoa nyepesi, unachukua nzito. Na wewe umepata kuendesha nini maishani zaidi ya punda?"

"Punda ndiye mgumu, mjomba. Gari halina ubishi."

Bi Alawiya alijiinamia kwenye ukili asionekane akicheka. Kisha, ili kumpoza kaka yake, akatoa neno: Jumamosi kuna mashindano. Nusra akiingia fainali, mashine ni yake. Asipoingia, itarudishwa kwa Ndirangu, na binti atakwenda ofisini na sinia yake. Hakumuuliza binti.

Mtandao wa Siyu haukutosha mbio kama zile, ikabidi waende Ras Kitau. Jumamosi hiyo maji yalikuwa yametoka, boti haikuweza kuingia mkondoni. Wakaifuata kwa miguu hadi ilikotia nanga, na punda akabeba shogi, kile kikapu cha mifuko miwili: mashine upande mmoja, nazi sita upande wa pili ili mzigo ulingane. Walipofika kwenye mikoko, Bi Alawiya alimhurumia punda, akaanza kutoa nazi. Kila mtoto wa Siyu anajua kwamba pande mbili hushushwa pamoja. Yeye mwenyewe amefunza wangapi. Shogi likapinduka, mashine ikatua topeni.

"Mama," alisema Nusra.

Kioo kilikuwa kimepasuka. Boti ikawavusha hadi Ras Kitau, na hotelini Ndirangu alifuta tope kwa mswaki, akaiunganisha na televisheni ya hoteli, ikawaka. "Ile yako nyembamba ingekuwa chapati saa hizi," alisema.

Bi Alawiya aliketi nyuma ya bintiye. Feni zilinguruma, na mashine haikusita hata mara moja. Aliyemshughulisha zaidi ni Nusra: mabega yametulia, mato hayapepesi kope, kama mshonaji kofia anapofika kwenye tundu la mwisho. Watatu ndio waliotakiwa fainali. Nusra alikuwa wa nne.

"Si mashine," alisema. "Kona ile niliingia vibaya."

Siku ya pili Bwana Gharib alikuja. "Haya, irudishwe."

"Hairudi," alisema Bi Alawiya.

"Ulinipa neno, Alawiya."

"Nilikupa, na nimelivunja mimi, si yeye. Nilidhani juu kule kuna mtoto anacheza. Yana nimemuona kwa mato yangu. Ile ni kazi, na mashine ile ndiyo jembe lake."

"Na ndia yote hii ya Ras Kitau ataibebaje?"

"Ataibeba. Mgongo ni wake."

Kaka mtu aliondoka, kahawa imeachwa kombeni. Miezi mitatu hakukanyaga baraza lile, na Bi Alawiya hakutuma mtu kumwombea radhi. Kila mara Nusra alipotaka kwenda, mama alimzuia: "Keti. Nikiwa na kosa, nitakwenda mwenyewe."

Mwezi wa nne waandaaji wa yale mashindano waliandika. Walitaka mtu mwenye mashine yenye nguvu na mikono mitulivu, wa kujaribu michezo yao kabla haijauzwa.

Sasa Nusra yuko Amu, mjini Lamu, mtaa wa Langoni, chumba cha chini katika nyumba ya khalati yake Hadil, ndugu wa mama yake. Anafanya kazi hiyo ya kujaribu michezo siku tano kwa wiki, kwa mashine ile ile nzito.